Kauli ya Kutendua kwenye Meza ya Fundi: Lugha ya Kubadilisha Bodi ya Ndani ya Kamera Ndogo ya Dijitali katika Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza lugha inayotumika katika kazi moja mahususi ya ufundi: kuiondoa bodi ya saketi iliyoharibika ndani ya kamera ndogo ya dijitali na kuitia nyingine mahali pake. Tunaiangalia kazi hii kama inavyoweza kufanywa katika mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi. Mambo manne yanashughulikiwa. Kwanza, tunaonyesha kwamba hatua za kazi hii zinafuata kauli ya kutendua karibu neno kwa neno. Pili, tunaeleza jinsi tofauti baina ya kauli ya kutendua, kutenduka na kutenduliwa inavyobeba suala la uwajibikaji kati ya fundi na mteja. Tatu, tunajadili viambishi ka- na tu- vya udogo katika Kiswahili cha Nairobi. Nne, tunapima istilahi ya bodi na lugha ya tahadhari. Hoja yetu kuu ni kwamba istilahi za ufundi zitakazokubalika hazina budi kuanza na maneno ambayo mafundi tayari wanayatumia.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anapofundishwa mnyambuliko wa vitenzi, mifano anayopewa aghalabu ni ile ile: piga, pigia, pigana, pigwa. Kauli ya kutendua hutengewa mistari michache mwishoni mwa somo, hutolewa jozi ya funga na fungua, kisha somo likaendelea. Ni nadra mwanafunzi kuulizwa kauli hii ina kazi gani katika maisha ya wasemaji, na ni nani anayeihitaji kila siku.

Jibu moja lipo kwenye meza ya fundi wa vifaa vya elektroniki. Fundi huyu hutengeneza kwa kutendua. Hawezi kuifikia sehemu iliyoharibika kabla ya kufungua kilichofungwa, kubandua kilichobandikwa na kuchomoa kilichochomekwa. Akishamaliza, huirudia njia ile ile kinyumenyume. Kwa hivyo, kazi yake ni maabara ya sarufi ambayo haijatembelewa vya kutosha na wanaisimu wetu.

Jina Eastlands hurejelea mitaa iliyo mashariki ya kitovu cha Nairobi, ikiwemo Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni, Bahati, Jericho, Buruburu, Umoja, Dandora, Kariobangi na Kayole. Mitaa mikongwe kama Pumwani na Kaloleni ilianzishwa enzi za ukoloni kwa ajili ya makao ya Waafrika. Buruburu, Umoja na Dandora ni ya miaka ya 1970. Wanaisimu wanaifahamu mitaa hii kama kitovu cha Sheng, msimbo uliochunguzwa na wataalamu kama vile Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde katika miaka ya 1990, na Chege Githiora katika kitabu chake cha mwaka 2018. Hata hivyo, tafiti nyingi za Sheng zimejikita katika lugha ya vijana, muziki, matatu na matangazo ya biashara. Lugha ya kazi ya mikono imepata nafasi finyu. Makala haya yananuia kuchangia kuliziba pengo hilo. Mifano iliyotumiwa imeundwa kwa kufuata mazoea ya kawaida ya usemi wa Nairobi, ambayo mkazi yeyote wa mitaa hii atayatambua.

2.0 Kamera ndogo na riziki ya mtaa

Kabla ya simu zenye kamera nzuri kuenea, kamera ndogo ya dijitali ilikuwa chombo cha riziki kwa wapiga picha wengi wa mitaani. Walipiga picha za ubatizo, mahafali, harusi na sherehe za kuzaliwa, wakazisafisha kwenye maabara za picha, kisha wakawauzia wahusika nakala moja moja. Kamera ilipozimika Ijumaa, mwenyewe alipoteza mapato ya Jumamosi na Jumapili. Ndiyo maana swali la iwapo kamera inaweza kutengenezwa halikuwa la kitaalamu tu. Lilikuwa swali la chakula.

Biashara ya kamera imebadilika sana tangu hapo. Kwa mujibu wa takwimu za CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, mnamo mwaka 2010 kamera za dijitali zilizosafirishwa kutoka viwandani zilikuwa zaidi ya milioni 120, nyingi zikiwa kamera ndogo. Mwaka 2023 zilikuwa chini ya milioni 8. Viwanda vilipoacha kutengeneza aina nyingi za kamera hizi, vipuri vyake navyo viliadimika. Lakini katika miaka hii ya 2020 vijana sehemu nyingi za dunia wamezirudia kamera za zamani kwa sababu ya mwonekano wa picha zake, na vifaa vilivyokuwa vimetupwa droo za nyuma vimeanza kutafutwa tena.

Matokeo ya hali hii ni kwamba bodi ya kubadilishia mara nyingi haipatikani ikiwa mpya. Hutolewa katika kamera nyingine ya modeli ile ile ambayo lenzi au skrini yake imevunjika lakini bodi yake ni nzima. Kamera mbili zilizokufa huzaa moja iliyo hai. Zisipotengenezwa, taka za elektroniki za jiji huishia kwenye majaa, na jaa kubwa kuliko yote jijini limo Eastlands humo humo: jaa la Dandora, lililotangazwa kuwa limejaa tangu mwaka 2001 na ambalo limeendelea kupokea taka kwa miaka mingi baada ya tangazo hilo.

3.0 Hatua za kazi

Ili uchanganuzi wa lugha ueleweke, ni sharti kwanza tueleze kazi yenyewe.

Hatua ya kwanza ni uchunguzi. Si kila kamera isiyofanya kazi ina bodi mbovu. Lenzi inayotoka nusu na kukwama kwa kawaida imeingiwa na mchanga kwenye gia, au imeangushwa. Kamera inayowaka lakini ikatoa picha nyeusi au zenye rangi ya zambarau huenda ina kasoro katika kihisi cha picha. Mnamo mwaka 2005 kampuni kadhaa, zikiwemo Canon, Nikon na Fujifilm, zilitangaza kwamba zingetengeneza bure kamera zilizokuwa na vihisi vya aina hiyo, ambavyo viliharibika hasa penye joto na unyevu. Ni pale tu betri, vituo vya betri, lenzi na kihisi vinapothibitika kuwa vizima ndipo bodi hushukiwa.

Hatua ya pili ni kutoa betri na kadi ya kumbukumbu, kisha kufungua skrubu. Skrubu hizi ni ndogo mno na urefu wake hutofautiana. Fundi makini huchora umbo la kamera kwenye karatasi na kuweka kila skrubu mahali ilipotoka, kwa kuwa skrubu ndefu ikitiwa katika tundu la fupi inaweza kutoboa skrini au kuikandamiza bodi yenyewe.

Hatua ya tatu ni kubandua kifuniko cha nyuma polepole, na papo hapo kujihadhari na kapasita ya flashi. Betri ya kamera ndogo aghalabu ni ya volti 3.7 hivi, lakini saketi ya flashi huikuza nguvu hiyo hadi kufikia volti 300 hivi na kuihifadhi katika kapasita. Umeme huo huweza kubaki humo muda mrefu baada ya betri kutolewa. Fundi huuondoa kwa kuunganisha ncha mbili za kapasita kupitia kikinza kinachofaa, kisha huipima kwa mita hadi ahakikishe kwamba imeishiwa. Wapo wanaozigusanisha ncha hizo kwa bisibisi. Cheche inayotokea inaweza kuharibu bodi na kumshtua aliyeishika.

Hatua ya nne ni kuchomoa tepe za saketi. Hizi ni nyaya bapa, nyembamba kama karatasi, zinazounganisha bodi na skrini, lenzi na vitufe. Soketi nyingi huwa na kilachi ambacho sharti kiinuliwe kwanza. Anayeuvuta utepe kabla ya kukiinua huung'oa na soketi yake. Nyaya zilizolehemiwa, kama za flashi na spika, huondolewa kwa chuma cha moto.

Hatua ya tano ni kuitoa bodi mbovu, kuitia nzima, na kurudi kinyumenyume: kulehemu, kuchomeka, kukunja tepe zifuate mikunjo yake ya awali, kufunika, kufunga. Lipo jambo moja ambalo mteja anastahili kuelezwa mapema. Katika kamera nyingi, kumbukumbu ya bodi huhifadhi vipimo vya marekebisho vya lenzi na kihisi cha kamera ile mahususi. Bodi iliyotoka kwa kamera nyingine huja na vipimo vya mwenyewe, hivyo picha inaweza kukosa ukali au rangi zikayumba kidogo hata kama kazi imefanywa barabara.

4.0 Sarufi ya kutendua

Tukiviorodhesha vitenzi vilivyotumika katika hatua hizo, tunapata makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la vitenzi ambavyo kiambishi cha kutendua huongezwa moja kwa moja kwenye mzizi:

(1) funga – fungua
(2) panga – pangua
(3) kunja – kunjua
(4) ziba – zibua
(5) tega – tegua

Kundi la pili ni la vitenzi ambavyo kiambishi -ik- au -ek- huondolewa na nafasi yake kutwaliwa na -u- au -o-:

(6) funika – funua
(7) bandika – bandua
(8) pachika – pachua
(9) chomeka – chomoa

Data hii inadhihirisha kanuni mbili tofauti za upatanisho wa irabu. Kiambishi -ik- hugeuka kuwa -ek- mzizi ukiwa na e au o. Kiambishi cha kutendua hakifanyi hivyo: hugeuka kuwa -o- pale tu mzizi una irabu o, kama katika chomoa, lakini hubaki -u- baada ya e. Ndiyo sababu tega hutoa tegea katika kauli ya kutendea, lakini hutoa tegua, wala si *tegoa, katika kutendua. Mwanafunzi anayeziunganisha kanuni hizi mbili kuwa moja atakosea, na walimu wanafaa kuzitenganisha tangu mwanzo.

Kundi la tatu ni la vitenzi visivyokubali kutenduliwa kimofolojia. Kinyume cha kaza ni legeza. Cha washa ni zima. Cha ingiza ni toa. Vitenzi vya mkopo navyo hukataa kabisa. Hakuna *lehemua. Mtu husema kuondoa lehemu, na katika usemi wa kawaida wa mtaani kutoa risasi, kwa kuwa madini ya risasi yamekuwa sehemu ya lehemu kwa muda mrefu. Kwa hivyo, ni bayana kwamba kauli ya kutendua si kiwanda kilicho wazi kwa kila malighafi. Hufanya kazi na mizizi ya Kibantu, tena michache.

Isitoshe, kuna mitego. Vitenzi chukua, chagua na tambua vina umbo la kutendua lakini havina *chuka, *chaga wala tamba chenye maana inayohusiana navyo katika Kiswahili cha leo. Mtego mkubwa zaidi ni wa unga. Kwa kufuata jozi (1) mtu angetarajia ungua limaanishe kuachanisha vilivyoungwa. Lakini kwa wasemaji wengi ungua ni kupatwa na moto. Fundi anaposema bodi imeungua hamaanishi kwamba imeachana na kitu. Anamaanisha kwamba imeteketea. Nafasi ya kinyume cha unga imetwaliwa na tenganisha. Wanamofolojia huuita uzuiaji: neno lililokwisha kuwepo hulizuia jingine lenye umbo hilo lisizaliwe.

Jambo la kuvutia ni mpangilio. Katika kazi hii, kitenzi cha kwanza cha kutendua ndicho cha mwisho cha kutenda: anayefungua, kubandua na kuchomoa hurudi kwa kuchomeka, kubandika na kufunga. Mwalimu anaweza kuitumia kazi hii yote kama zoezi moja. Mwanafunzi akiandikiwa hatua za kufungua kamera, ataweza kuandika hatua za kuifunga bila ya kuijua kamera, maadamu anaijua kauli ya kutendua. Pale atakapokwama, yaani kwenye kaza na lehemu, ndipo atakapokuwa ameigundua mipaka ya kauli yenyewe.

5.0 Nani alitendua? Uwajibikaji katika kauli

Tuangalie sasa mazungumzo mafupi baina ya mteja, mama wa makamo, na fundi kijana:

(10) Mteja: Fundi, nilikuletea kamera ikiwa na skrini nzima. Mbona hii imepasuka?
(11) Fundi: Mama, hiyo ilipasuka tu nikifungua. Utepe nao ulikuwa umechomoka.
(12) Mteja: Ulichomoka, ama ulichomolewa?

Swali la (12) linagusa kiini cha mofosintaksia ya Kiswahili. Kutoka kitenzi chomoa tunapata kauli mbili ambazo zote humfanya utepe kuwa kiima. Katika chomolewa, mtenda yupo hata asipotajwa, na anaweza kurejeshwa kwa kihusishi na: utepe ulichomolewa na fundi. Katika chomoka, mtenda hayupo katika maana ya kitenzi. Hatuwezi kusema *utepe ulichomoka na fundi. Ndivyo ilivyo kwa banduka na banduliwa, kunjuka na kunjuliwa, pasuka na pasuliwa.

Fundi katika (11) amechagua kauli ya kutenduka katika nafasi zote mbili. Yamkini anasema kweli, kwani tepe za kamera iliyoanguka huchomoka zenyewe. Yamkini pia anajificha nyuma ya sarufi. Mama hana chombo cha kumpima, ila ana lugha, na swali lake linaonyesha kwamba anaijua tofauti hii bila kufunzwa darasani. Ni vyema kusisitiza kwamba kauli ya kutendeka haina kosa lolote. Ni njia halali ya kueleza tukio lisilo na mtenda. Kosa huwa katika kuitumia penye mtenda.

Suala hili lina uzito wa kisheria. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humpa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari zitakazomwezesha kunufaika nazo kikamilifu, na ibara ya 7 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Tukiziweka ibara hizi bega kwa bega, tunaona kwamba mteja wa Umoja au Kayole anastahili maelezo anayoyaelewa kuhusu kilichofanyiwa kamera yake: nani alifanya nini, kwa kitu gani.

6.0 Udogo unaofanya kazi: ka- na tu-

Sarufi sanifu huunda udogo kwa ki- na vi-, pamoja na kiji- na viji-. Katika Kiswahili cha Nairobi, udogo huundwa sana kwa ka- katika umoja na tu- katika wingi, na viambishi hivi hutawala upatanisho wa sentensi nzima:

(13) Haka kaskrubu ni karefu, kasiingie kwa shimo ya kale kafupi.
(14) Tuskrubu twa huku ni tuwili tu.

Viambishi ka- na tu- vya udogo vinapatikana katika lugha nyingi za Kibantu zinazozungumzwa karibu na Nairobi, zikiwemo Kikamba na Gĩkũyũ, na athari ya lugha hizo katika kuviimarisha jijini si ya kutiliwa shaka. Mara nyingi walimu huvisahihisha kwa wino mwekundu. Hatupingi usahihishaji huo katika insha ya mtihani. Tunachosema ni kwamba katika kazi hii ka- hubeba taarifa. Sentensi (13) ina skrubu mbili, zote ndogo, moja ikiwa ndefu kuliko nyenzake. Ka- huonyesha kwamba kitu kinachozungumziwa ni cha kushikwa kwa kibano, si kwa vidole, na upatanisho wake humwezesha msikilizaji kujua bila kutajiwa nomino tena kwamba kale ni skrubu, wala si shimo wala kamera.

Ikumbukwe vilevile kwamba skrubu, bodi, kamera, betri na lenzi zote huingia ngeli ya I-ZI. Katika sentensi ndefu, hii inaweza kurejelea chochote kati ya hivyo vitano. Msemaji anayehamisha skrubu kwenye ka- ameitoa katika msongamano huo. Kwa maneno mengine, kile kinachoonekana kama uvunjaji wa ngeli kinaweza kuwa njia ya kupunguza utata. Katika maandishi sanifu, kazi hiyo hiyo ingefanywa na kijiskrubu: Kijiskrubu hiki ni kirefu, kisiingie katika tundu la kile kifupi. Upatanisho umehifadhiwa, na taarifa haikupotea.

7.0 Bodi ipi? Suala la istilahi

Neno la msingi katika kazi hii ni bodi, na ndilo lenye matatizo makubwa zaidi. Jijini Nairobi, bodi ni kamati ya wakurugenzi au ya shule. Bodi pia ni umbo la nje la gari. Matatu hupelekwa kutengenezewa bodi. Kwa wapiga picha, bodi ya kamera ni kamera yenyewe bila lenzi. Na kwa fundi wa elektroniki, bodi ni kipande chenye saketi. Maneno mawili tofauti ya Kiingereza yameingia Kiswahili na kuvaa vazi moja.

Matokeo yake si mzaha. Fundi akimwambia mteja kwamba atabadilisha bodi ya kamera, mteja anaweza kuelewa kwamba gamba la nje ndilo litakalobadilishwa. Atashangazwa na bei, na atashangaa zaidi kurudishiwa kamera yenye mikwaruzo ile ile ya zamani. Ili kuepuka utata huu, usemi bodi ya ndani hutumika, nao ni suluhisho la busara lililopatikana bila kikao cha istilahi.

Tunaweza kulipima suluhisho hilo kwa vigezo vya uundaji wa istilahi vya Kiingi, mtaalamu wa Uganda, vinavyojulikana kwa ufupisho PEGITOSCA. Miongoni mwa vigezo hivyo ni usahihi, uwekevu, uzalishi, uangavu na kukubalika kwa watumiaji. Tuyatazame maneno matatu. Ubao wa saketi ni angavu kwa kiasi, lakini ubao humkumbusha msikilizaji mbao na darasa. Bodi ya ndani inakubalika na ni fupi, ila haina usahihi wa kutosha, kwa sababu kamera huwa na bodi zaidi ya moja: kuu, ya flashi, na ya kihisi. Bodi ya saketi huhifadhi neno ambalo fundi analitumia na kuongeza neno saketi, ambalo lina makao katika masomo ya sayansi. Aidha lina uzalishi: bodi kuu ya saketi, bodi ya saketi ya flashi. Tunapendekeza hili la tatu.

Kumbuka kwamba pendekezo hili halikuanzia mezani pa mwanaistilahi. Limeanzia kwenye bodi, neno ambalo tayari linatumika Kariobangi na Gikomba, na limeongezewa kinachopungua. Historia ya neno jua kali inatufunza hivyo hivyo. Lilizaliwa kutokana na hali ya mafundi waliofanya kazi bila paa. Kufikia mwaka 1992 lilikuwa limeingia katika anwani ya Waraka wa Kikao Nambari 2 wa serikali ya Kenya kuhusu biashara ndogo ndogo. Hakuna kamati iliyoliunda. Serikali ililikuta linatembea ikalipa kiti.

8.0 Hapa hapaguswi: lugha ya tahadhari

Mwanagenzi hujifunza kwa kutazama na kuambiwa. Vitabu vya huduma vya kampuni za kamera huandikwa kwa lugha za kigeni, na mara nyingi havimfikii. Onyo kuhusu kapasita ya flashi kwa hiyo husafiri kwa mdomo, na umbo la onyo hilo linaweza kumlinda au kumwacha hatarini. Linganisha:

(15) Usiguse kapasita.
(16) Kapasita haiguswi.
(17) Hapa hapaguswi kabla ya kupimwa.

Sentensi (15) ni amri ya mtu mmoja kwa mwingine, na huhitaji msikilizaji ajue kapasita ni kipi. Sentensi (16) hutumia kauli ya kutendwa katika hali ya ukanushi kueleza kanuni inayomhusu kila mtu, lakini nayo inahitaji ujuzi wa istilahi. Sentensi (17) hutumia ngeli ya mahali. Kidole kikielekezwa, kiambishi pa- hutaja pale hasa, na anayesikia huelewa hata kama hajawahi kulisikia neno kapasita. Kishazi cha mwisho humpa sharti la kufuata badala ya katazo tupu.

Katika Kiswahili cha Nairobi, ngeli za mahali zimedhoofika. Wengi husema hapa ni pazuri na hapa ni mzuri kwa kubadilishanabadilishana. Wanafunzi huiona ngeli hii kama mzigo wa mtihani. Mfano (17) unaonyesha kwamba ni hazina, kwani humwezesha fundi mkuu kutoa onyo kamili kwa maneno machache. Iwapo mwanagenzi atapigwa na volti 300 kwa sababu hakuelewa aliloambiwa, hasara haitakuwa ya sarufi.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kazi ya kubadilisha bodi ya saketi ya kamera ndogo imejengwa juu ya kauli ya kutendua. Kwamba uchaguzi kati ya kutenduka na kutenduliwa ni uchaguzi wa kumtaja au kutomtaja anayewajibika. Kwamba ka- na tu- za Nairobi zina kazi ya kupambanua. Na kwamba istilahi na maonyo yanayofaa yanaweza kujengwa juu ya maneno yaliyopo. Tunapendekeza vyama vya wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vyetu vianzishe mradi wa kukusanya maneno ya karakana, kazi moja baada ya nyingine, na kuyarejesha kwa mafundi wenyewe katika vijikaratasi vya hatua na tahadhari wanavyoweza kuvibandika ukutani.

Maneno fundi, fundisha, funza na mwanafunzi yana uhusiano wa karibu wa mzizi. Lugha yenyewe haikumtenga anayejua kwa mikono na anayesoma darasani. Mtengano huo tumeuleta sisi, na kama mengi yaliyofungwa, unaweza kufunguliwa.

Maswali ya mjadala

1. Andika hatua za kuifunga kamera kwa kugeuza vitenzi vya sehemu ya 3.0. Ni vitenzi vipi vilivyokataa kugeuzwa, na kwa nini?
2. Tafuta jozi nyingine tano za kutenda na kutendua. Je, zinafuata kanuni ya irabu iliyotolewa katika sehemu ya 4.0?
3. Andika upya usemi wa fundi katika (11) ili mtenda abainike. Jadili jinsi uhusiano wake na mteja unavyobadilika.
4. Chagua chombo kimoja unachokitumia, kama vile simu au baiskeli. Orodhesha majina ya sehemu zake kama yanavyotajwa na fundi wa mtaani kwenu, kisha uyapime kwa vigezo vya istilahi.
5. Je, ka- na tu- zinafaa kuingizwa katika sarufi sanifu? Toa hoja za pande zote mbili.